Mipaka Kwanza, Mshale Baadaye

Mabibi na mabwana, na hasa nyinyi vijana mnaotengeneza programu za wavuti hapa Mombasa, wale walionisikia siku zilizopita wanajua ninakoelekea, nao naomba wanivumilie. Namna ya kuweka kijenzi, yaani kipande cha programu kinachochora kitu kimoja, kwenye ukurasa mnaijua, na maktaba za msimbo za kuchorea geji, ule mchoro wa kipimo wenye mshale, zimejaa mtandaoni. Swali langu ni lile lile la siku zote: geji yako inapima kutoka wapi hadi wapi, na kipimo inachokionyesha kilichukuliwa lini?

Nitazungumzia tangi la maji, kwa kuwa sidhani kama yupo ukumbini humu ambaye hajawahi kufungua mfereji ukatoa hewa tupu. Maji ya mji huu hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na siku yasipofika, kila jengo la ghorofa hutegemea akiba yake. Liko jengo moja upande wa Tudor ambalo msimamizi wake alitengenezewa dashibodi yenye geji ya nusu duara, iliyopakwa nyekundu, manjano na kijani. Ijumaa jioni mshale ulikuwa kwenye asilimia 72, na Jumapili asubuhi ulikuwa bado kwenye asilimia 72, ilhali wapangaji walikuwa wakishuka ngazi kumtafuta mwenye mkokoteni wa mitungi. Kihisi cha tangini kilikuwa kimekosa umeme, seva ikaendelea kutoa thamani ya mwisho iliyohifadhiwa, na kijenzi kikaichora vile vile. Msimamizi alipoulizwa mbona hakuagiza boza, alinyoosha simu yake: kijani. Fundi aliyeitengeneza akajibu kwamba kijenzi hakina hitilafu yoyote, na hapo ndipo ninapokereka, maana alisema kweli! Kila mstari wa msimbo ulikuwa sahihi, ila hakuna aliyekaa akaamua geji ifanye nini inapokosa habari mpya.

Kijenzi, basi, kipokee vitu vinne: thamani, kikomo cha chini, kikomo cha juu, na wakati wa kupimwa. Muda mliokubaliana ukipita, tuseme dakika 15 kwa tangi, tao ligeuke kijivu, mshale uondoke, na maandishi yaseme: «Kipimo cha mwisho ni cha Ijumaa, saa 12 jioni.» Mtaniambia kwamba mteja hapendi kuona kijivu kwenye dashibodi aliyoilipia. Mpelekeni kwa wapangaji wale akawaeleze anachokipenda.

Tuje kwenye mipaka. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ina elementi iitwayo meter, iliyowekwa kwa kazi hii hasa, na usipoiandikia min na max, yaani kikomo cha chini na cha juu, kivinjari huchukulia kwamba ni 0 na 1. Ukiandika thamani ya 7 ukikusudia asilimia 7, kivinjari huona imezidi 1, huirudisha hadi 1, na geji huonekana imejaa pomoni: tangi lililobakiza maji ya kunawa miguu linaonyeshwa limefurika, bila onyo lolote. Elementi hiyo hiyo ina low, high na optimum, yaani mpaka wa kiwango cha chini, mpaka wa kiwango cha juu na kiwango bora, nazo ni juu yako kuziandika, kwa sababu kivinjari hakiwezi kubashiri kwamba kwa tangi la maji kiwango kizuri kiko juu, na kwa joto la jokofu la samaki kiko chini. Wala msiazime elementi ya progress, ambayo ni ya kazi inayoelekea kukamilika, kama faili inayopakiwa; tangi halikamiliki.

Wapo wanaosema meter haina sura, wao wanataka tao. Haya, chora kwa SVG, lugha ya michoro ya wavuti. Tao la nusu duara lenye nusu kipenyo cha 80 lina urefu wa takriban 251.3, hivyo asilimia 40 itakuwa 100.5 kwenye stroke-dasharray, sifa inayoamua urefu wa sehemu ya mstari inayochorwa, na hesabu hiyo huvurugika siku mtu anapobadilisha ukubwa wa mchoro. Andika pathLength, urefu unaoutangaza wewe, ya 100 kwenye tao, na 40 itabaki kuwa 40. Pembe ya mshale hupatikana kwa kutoa kikomo cha chini kwenye thamani, kugawa kwa tofauti ya vikomo viwili, kisha kuzidisha kwa 180. Lakini ukishaiacha meter, kisoma-skrini, programu inayomsomea asiyeona, hakijui tena kwamba hiyo ni geji, kwa hiyo mpe asiyeona haki yake: role (wajibu) ya meter, aria-valuenow (thamani ya sasa) pamoja na vikomo vyake, jina la geji, na aria-valuetext (maneno ya kusomwa) isemayo «lita 4,000 kati ya 10,000».

Naona mwenyekiti ameshatazama saa mara ya pili, basi nikimbie. Rangi: namba iandikwe wazi, kwa kuwa wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Mwendo wa mshale: uheshimu prefers-reduced-motion, mpangilio wa mtumiaji asiyetaka mwendo mwingi kwenye skrini. Na mwenye matangi 20 kwenye skrini moja aache kabisa nusu duara, atumie mistari ya mlalo yenye alama ya lengo, kwa mtindo alioubuni Stephen Few, mtaalamu wa kuonyesha takwimu kwa michoro, ili kuchukua nafasi ya geji kama hizi. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya huyo, lakini naona kipaza sauti kimeshaombwa.