Taa mweupe wa kilindi kwa karto: shika vizuri hapo kwenye pua

Jambo bandugu na badada, jambo walimu wa biolojia. Leo mezani kuna samaki mmoja: taa mweupe wa bahari ya Pasifiki, Bathyraja spinosissima. Taa ni jina la watu wa pwani. Kwenye madaftari ya shule hapa Goma anaandikwa raie. Tunamtengeneza kwa theluthi ya ukubwa wake. Yeye hufikia kama mita 1.5, basi wetu atakuwa na sentimita 50.

Vifaa, haraka haraka. Karto ya sanduku la sabuni. Waya laini wa kufungia vyuma vya ujenzi, sentimita 40. Kipande cha sponji. Vijiko viwili vya unga wa muhogo katika glasi moja ya maji, pika mpaka uvutike: hiyo ndiyo gundi. Karatasi ya chooni, mchanga uliochekechwa kwa kipande cha chandarua, mchele kidogo, rangi nyeupe. Mchoro wa kukatia ninauuza, pamoja na waya wake. Andika hapo chini ya video.

Kata sahani ya mwili, upana 34, urefu 27. Kata mkia, 23. Bandika. Hiyo sahani yote ni mapezi ya kifua yaliyoungana na kichwa, ndiyo maana huoni shingo. Mwanafunzi analitafuta pezi la kifua na huku analitazama.

Sasa taratibu. Pua. Waya unapita katikati, unatoka mkiani, unapanda mgongoni, unafika usawa wa macho, UNAISHIA HAPO. Usiusukume mpaka ncha. Mbele ya macho weka sponji peke yake, kipande chembamba, ukikibonyeza kinapinda. Familia yake, Arhynchobatidae, ni ya taa wa pua laini: gegedu ya puani ni nyembamba na inapinda. Ukifikisha waya nchani, pua inakuwa ngumu, na hapo umetengeneza mtu wa familia nyingine, Rajidae, wale wa pua ngumu. Macho yote mawili, rangi yote nyeupe, lakini familia si yake tena.

Ngoja. Mwanga wa dirishani unaunguza picha, karto yote imekuwa nyeupe kwenye kamera. Nasogeza meza... haya. Tazama kidole changu: waya mwisho usawa wa macho. Kata kilichozidi kwa koleo, usikikunje, maana kikikunjwa kinatengeneza fundo na pua inakakamaa vilevile. Narudia kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu: sponji ndiyo inayokwenda mbele, waya haupiti.

Geuza tumbo. Mdomo, kisha nyufa za matamvua, tano kila upande. Yale matundu mawili mbele ya mdomo ni pua za kunusia, tafadhali msiyapake macho! Macho yako juu, na nyuma ya kila jicho toboa tundu kwa msumari. Tundu hilo lisisahaulike. Samaki huyu analala chini, tumbo kwenye tope; maji ya kupumua anayavuta kupitia juu, yanatokea kwenye nyufa za chini. Angeyavuta kwa mdomo, angejaza matamvua mchanga.

Mapezi ya nyonga yana sehemu mbili kila upande. Ya mbele ni nyembamba kama kidole, ndiyo anayosukumia ardhi anapotembea chini ya bahari. Ukitaka dume, ongeza vijiti viwili vya karatasi iliyoviringwa nyuma ya mapezi hayo. Ndivyo anavyopandishia jike. Mimi napenda kutengeneza jike, kwa sababu ya mayai tunayofikia sasa hivi.

Mkiani bandika mapezi mawili madogo ya mgongoni, karibu kabisa na ncha. Mwiba wa sumu hakuna! Huo ni wa taa wengine, wa oda ya Myliobatiformes, ambao wanazaa watoto hai. Huyu ni wa Rajiformes, anataga.

Ngozi: tabaka tatu za karatasi ya chooni na gundi. Kabla tabaka la mwisho halijakauka, nyunyiza mchanga mgongoni. Spinosissima maana yake mwenye miiba kupita kiasi, na ni miiba midogo mno, unaisikia kwa kiganja. Changarawe ya lava ya huku kwetu ni kubwa mno kwa kazi hii, inang'oa karatasi. Punje za mchele, mstari mmoja, katikati ya mkia.

Ile lava tunaiweka chini, kama kitako. Mwaka 2015, karibu na visiwa vya Galápagos, chombo kisicho na mtu kilishuka kwenye kina cha mita 1,660 hivi na kukuta vifuko 157 vya mayai ya taa huyu. Asilimia 58 vilikuwa ndani ya mita 20 kutoka kwenye chemchemi zinazotoa maji ya moto meusi kama moshi. Maji ya kule ni baridi sana, digrii 2 na kitu, na mtoto wa taa anakua polepole: kwa ndugu yake wa Alaska, Bathyraja parmifera, yai linakaa zaidi ya miaka mitatu. Watafiti wanaona kwamba mama anatafuta joto la volkano ili muda huo upungue. Sisi tunaokaa chini ya Nyiragongo tunalielewa joto hilo. Ila usimweke kwenye picha ya ziwa Kivu: chini kule hakuna oksijeni, hata sambaza, yule samaki mdogo wa ziwa, anabaki juu.

Vifuko vya mayai: karto mbili za mstatili, pembe nne zilizochomoza, rangi ya kahawia. Mtoto mmoja kila kifuko. Vikate vikubwa kuliko kipimo, ili anayekaa nyuma ya darasa avione.

Kibandiko sasa. Andika Bathyraja spinosissima, jenasi kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, zote kwa maandishi ya kulala. Halafu: (Beebe & Tee-Van, 1941). Mabano yasitoke. Yanasema kwamba hao wataalamu wawili, walipomwandika mara ya kwanza, walimweka kwenye jenasi nyingine, Psammobatis. Jenasi Bathyraja yenyewe Ishiyama aliiunda mwaka 1958.

Rangi, kesho kutwa, karatasi ikikauka kabisa. Kabla ya kupaka, bonyeza pua kwa kidole. Isipopinda, fungua ngozi ya juu, ukate waya.