Nondo wa Uani
(Mazungumzo na wakulima wa bustani za nyumbani, Morogoro)

Asanteni kwa kunikaribisha. Tangazo pale mlangoni linasema "Mwalimu atazungumzia nondo", na fundi mmoja keshaniuliza kama ni za milimita 12 au 16. Hapana, bwana. Wala sikuja kushusha nondo za hoja. Nazungumzia mdudu, yule anayejigonga kwenye globu ya baraza mkamwita kipepeo wa usiku.

Kulikuwa na mama mmoja Mwingereza, Jennifer Owen. Miaka ya 1960 aliishi Kampala, mumewe Denis akifundisha Makerere. Baadaye wakahamia Leicester, mji wa viwanda, kwenye nyumba yenye bustani kama za majirani zake: maua, mboga, ukoka, kijia. Kuanzia mwaka 1972 hadi 2001 akaandika kila kiumbe alichokikuta humo. Alifikisha aina 2,673, na kati yake wadudu peke yao ni 1,997. Katikati ya kazi hiyo alipatwa na ugonjwa wa neva uliomdhoofisha mwili, naye akaendelea kuandika. Leicester kuna baridi kali, jamani. Sisi tuliokaa chini ya Uluguru tunasema uani hakuna kitu!

Mimi nilianza na shuka jeupe kuukuu kwenye kamba ya kuanikia nguo, na taa mbele yake. Taa ya LED nyeupe huvuta wachache, kwa sababu karibu haina mwanga wa urujuanimno ambao nondo wanauona na sisi hatuuoni. Lakini wanakuja. Usiku wa kwanza nikaandika kwenye daftari: "Nondo wengi." Basi! Mwaka uliofuata nikaandika "nondo wengi sana". Sasa niambieni, waliongezeka kiasi gani? Daftari zima lile la kwanza halina kazi, labda la kufungia karanga.

Siku hizi naandika tarehe, saa ya kuwasha na ya kuzima, mvua, upepo, na mwezi ulivyo, maana mbalamwezi ikiwaka wanaokuja shukani hupungua. Kisha nahesabu. Nisiyemjua nampiga picha na kumpa jina langu: "Kahawia mwenye kanga", "Bibi Majivu". Jina la kitaalamu litakuja baadaye. Tarehe ukiisahau hairudi. Na usiku asipokuja hata mmoja naandika sifuri. Hapo ndipo wengi wenu mtashindwa, nawaambia mapema. Sifuri inachosha kuandika, ila bila hiyo huwezi kujua kama nondo hawakuja au wewe ulilala.

Nazima saa tatu. Zamani niliacha taa ikiwaka mpaka alfajiri. Nikawa nakuta mijusi kafiri wameshiba na mbawa zimetapakaa sakafuni. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwa kamera za kasi kwamba wadudu hawaipendi taa kama tunavyodhani. Arukapo usiku, mdudu huelekeza mgongo kwenye mwanga, kwa sababu kawaida mwanga uko juu, angani. Ukimwekea taa ubavuni anaigeuzia mgongo, anapinda, anazunguka wee, hatoki. Kwa hiyo ukishamhesabu, mwachie njia.

Sasa papai. Nilikuwa na mipapai jike mitatu na dume mmoja, na mke wangu akataka dume ukatwe kwa kuwa "unakula mbolea bure". Daftari ndilo lililouokoa. Jioni baada ya jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi, nilikuwa nimeandika nondo wakubwa, wenye mwili mnene, wanaosimama hewani mbele ya ua kama ndege chozi. Wanatoka kwenye maua ya dume, wanakwenda kwa jike. Huko Bonde la Kerio, Kenya, utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nondo wa jamii hii ndio wanaochavusha mipapai ya wakulima, na kwamba vichaka vya asili vilivyo karibu na shamba vina mchango wake.

Na mtoto wa nondo kama hao mnamjua. Ni yule kiwavi mnene mwenye kijipembe mkiani, mnayemkuta kwenye matembele mkampiga kandambili. Simwambii mtu asilinde mboga yake. Mimi namhamishia kwenye tuta la pembeni nililomwachia, halafu naandika.

Tahadhari moja kwa wenye watoto. Msimu wa mvua shukani huja kidudu chembamba, chekundu na cheusi, wanachokiita nzi wa Nairobi, ingawa si nzi, ni jamii ya mbawakawa. Hang'ati. Lakini ukimponda kwenye ngozi, majimaji yake yanaunguza hadi malengelenge. Mpulize aondoke, na ukimgusa nawa kwa sabuni. Mimi nilimponda shingoni nikiwa nahesabu. Wiki nzima nikavaa skafu kwenye joto hili.

Maswali tutayajibu nje. Shuka nimeshalitundika nyuma ya ukumbi, na wingu ni zito, tuna bahati. Kijana, shika kalamu. Saa ngapi sasa? Saa moja na dakika kumi. Andika. Halafu mama mwenye kitenge cha njano asimame mbali kidogo, la sivyo wote watamwendea yeye.