Mawazo Huumiza Bandama: Imani za Jadi na Sonona kwa Wanafunzi wa Udaktari China

Wenzangu, tuanze na bandama. Katika tiba ya jadi ya Kichina hisia ni saba, na nyingi zina kiungo chake zinachokiumiza: hasira ini, huzuni mapafu, hofu figo, mawazo mengi bandama. Na bandama, kwa hesabu hiyo, ndiyo msimamizi wa usagaji wa chakula. Basi mwanafunzi wa udaktari anayekesha na vitabu akakosa hamu ya kula, hana haja ya kutamka kwamba amesononeka. Tumbo limeshamsemea.

Msidhani ni ujinga. Sonona anaisoma darasani na dalili zake anazitaja bila kukwama. Anachokwepa ni jina. Mwaka 1980 Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwachunguza wagonjwa 100 mjini Changsha waliokuwa wameandikiwa shenjing shuairuo, yaani udhaifu wa neva. Kati yao 87 walitimiza vigezo vya sonona, ingawa malalamiko yao yalikuwa kuumwa kichwa, kukosa usingizi na kizunguzungu. Jina lile liliwasitiri: neva huchoka kwa kazi, lakini "ugonjwa wa akili" hutia doa ukoo mzima, hadi posa za ndugu. Ndiyo mianzi hiyo (si ya kujengea, kwa Kichina ni uso, heshima ya mtu mbele za watu). Ongezeni deni la mtoto kwa wazazi waliojinyima ili asome.

Sasa dodoso. PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 tunafuatilia. Mwanafunzi akijaza 3 kwenye usingizi, uchovu, chakula na umakini, kwingine kote 0, anapata 12. Lakini mkitumia lile fupi la maswali mawili, la kukosa raha na la huzuni, mtu huyohuyo anapata 0 na kuruhusiwa aende zake. Kwa kundi hili, fupi lisitumike peke yake.

Kosa jingine ni namba ya usajili juu ya fomu, inayomtambulisha mwanafunzi. Fudaoyuan, mlezi wa wanafunzi, ndiye pia mwenye sauti kwenye tuzo na ufadhili, na ndiye anayeweza kuwapigia wazazi simu. Nani atamwandikia kwamba anatamani kufa? Swali la 9, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, liulizwe kwa mdomo, faraghani, na mtu asiyehusika na tuzo, na mwanafunzi aelezwe mapema ni hatari gani italazimu wengine wajulishwe.

Mazungumzo yaanzie mwilini: unalala saa ngapi, unazinduka saa ngapi, chakula kimepoteza ladha tangu lini? Kisha, "na saa hizo za alfajiri ukiwa macho, unawaza nini?" Hapo ndipo wengi hufunguka. Ila msimpigie simu usiku bwenini: chumba kimoja wanalala wanne hadi sita, atawajibu "sijambo" na kukata.