Vipengele vya Hadithi Fupi Vikiwa Kazini

Ndugu zangu wapenzi wa fasihi, wanafunzi wetu wanajua kuvitaja vipengele vya hadithi fupi: msuko, wahusika, mandhari, mtazamo, dhamira, mtindo. Kazi huwa ngumu wanapoketi kuandika, maana wamevisoma kimoja kimoja, na hadithi haiandikwi kimoja kimoja. Kwa hiyo leo tutatumia kisa kimoja kidogo tuvione vikishikana.

Mwaka 1842 Edgar Allan Poe wa Marekani alieleza kwamba hadithi ya aina hii inafaa isomwe kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa mbili hivi, na kila neno lilenge athari moja. Ufinyu huo ndio unaoamua mengine yote: mgogoro mmoja, wahusika wawili au watatu, muda mfupi.

Kisa chetu ni hiki. Kijana ametumwa na mama yake kurudisha cherehani ya jirani waliyoiazima. Njiani inamponyoka, mpini wa gurudumu unakatika. Anaushikiza kama mzima, anaiacha mlangoni, anakimbia. Jioni jirani anakuja kumwomba mama radhi: hataweza kuwaazima tena, ameivunja mwenyewe, mpini umebaki mkononi mwake. Kijana yupo, anasikia.

Tazameni msuko. Kati ya tukio na tukio panaingia "kwa hiyo" au "lakini". Imevunjika, kwa hiyo anaficha. Anaficha, lakini lawama inamwangukia asiye na kosa. Pimeni kazi zenu hivyo. Mkiona panapoingia ni "kisha" peke yake, kisha akala, kisha akalala, basi hapo kuna tukio la kufutwa. Kosa jingine ni kuanza mbali: jua linachomoza, kijana anaamka, ukoo wake unaelezwa. Katika hadithi ya maneno 1,500, mimi ningetaka cherehani iwe imeanguka kabla ya neno la 150.

Sasa mtazamo, ambao kwangu ndio uamuzi mzito kuliko wote. Kijana akisimulia kwa nafsi ya kwanza, msomaji anajua siri mapema, na taharuki ni moja: atasema au atanyamaza? Akisimulia mama, siri imefichwa hata kwetu, na hadithi inakuwa fumbo. Matukio ni yale yale, hadithi ni mbili. Ukishachagua, usiteleze. Wengi huandika hivi, kijana akiwa msimulizi: "Jirani alijilaumu sana moyoni." Kijana ameuonaje moyo wa mtu? Mpeni anachoweza kukiona: "Jirani aliuweka ule mpini mezani, akauchukua, akauweka tena." Sentensi hiyo imebeba lawama yote bila kuitaja.

Na hapo tayari tumeingia kwenye uhusika. Mhusika wa hadithi fupi hana nafasi ya kuelezwa sura, kimo na mavazi. Hujengwa kwa tendo analolifanya akibanwa, na kwa maneno yake. Mazungumzo huharibika wahusika wanapoambiana wanachokijua tayari: "Mama, kama unavyojua, cherehani hii tuliiazima kwa jirani yetu." Hakuna anayesema hivyo na mama yake. "Umeifikisha?" "Nimeifikisha." Inatosha, tena jibu hilo ni kweli na uongo kwa pamoja.

Mandhari nayo ifanye kazi. Nyumba hizo mbili zikitenganishwa na ukuta mwembamba, kila jioni mlio wa cherehani ya jirani husikika. Leo hausikiki. Ukimya huo unamsumbua kijana kabla jirani hajabisha hodi.

Dhamira msiitafute kwa kuiandika. Mtu akiuliza hadithi inahusu nini, jibu "uaminifu" ni mada tu. Dhamira ni kile ambacho hadithi inakisema kuhusu uaminifu, labda kwamba kimya nacho humtwika mwingine mzigo. Mhusika akilitamka hilo, msomaji amenyang'anywa kazi yake.

Umebaki mwisho. Waandishi wengi hupita kituo: kijana anaungama ukurasa mzima, mama analia, jirani anasamehe, wote wanakumbatiana. Kilele chetu kiko mapema zaidi, pale kijana anaponyoosha mkono juu ya meza na kuuchukua ule mpini. Hapo ameshaamua, na mama ameshamtazama. Wekeni nukta.