Usishushe Giaboksi Kabla Hujaangalia Juu

Habari za asubuhi, vijana. Leo tuna kazi moja tu: kutafuta oili ya injini inavujia wapi. Kubadilisha sili na gasketi, vile vizibo vya kuzuia oili isitoke kwenye maungio, mnajua. Kutafuta ndiko kunakowashinda mafundi wengi, na anayeumia mfukoni ni mwenye gari.

Chukueni Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, gari ambalo bado limejaa mitaani. Limeletwa gereji, linadondosha oili. Fundi anaingia chini na tochi, anakuta maungio ya injini na giaboksi yamelowa, pale ilipo sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini. Anatoka na jibu mkononi: "Bosi, sili ya nyuma ya krenki imekufa, giaboksi lazima ishuke." Inawezekana ni kweli. Lakini inua macho upande huohuo, juu. Mwishoni mwa silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imekaa distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwenye plagi, na kwenye shingo yake kuna oringi moja, pete ya mpira. Joto la miaka mingi linaikausha mpaka inakuwa ngumu kama plastiki. Hapo oili inapenya kidogokidogo, inashuka na hedi, inatua mgongoni mwa giaboksi, kisha inadondoka palepale ambapo sili ya krenki ingedondoshea.

Oringi hiyo unabadilisha kwa kufungua boliti na kuchomoa distributa, baada ya kuweka alama ilivyokaa ili taiming, yaani wakati wa cheche kuwaka, isihame. Kushusha giaboksi ni kazi nzito, na ukishairudisha, tone litakuwa palepale. Mteja atakuambia nini?

Oili huteremka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tone lilipoangukia halikuambii mengi. Tafuta sehemu iliyolowa iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote, uanzie hapo.

Na huwezi kuiona kwenye injini iliyoganda matope na oili ya miaka mitano. Osha kwanza! Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalorukwa kila siku, fundi ana haraka na mteja amesimama pembeni. Acha injini ipoe. Funika distributa, alteneta na mdomo wa hewa kwa mifuko ya plastiki. Tumia sabuni ya kuyeyusha grisi na brashi. Petroli hapana, mvuke wake unahitaji cheche moja tu. Kausha vizuri, kisha paka poda ya mtoto sehemu unazoshuku: ukingo wa tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi), shingo ya distributa, swichi ya presha ya oili, kingo za sampu (bakuli la oili chini ya injini). Endesha gari kidogo, urudi uangalie. Poda nyeupe inachora mstari mweusi kuanzia mahali oili inapotokea. Uvujaji ukiwa mdogo sana, weka kwenye oili ile rangi maalumu inayong'aa kwenye tochi ya UV, litembee siku kadhaa, kisha limulike gizani.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo... anauliza, mbona magari mengine hayaachi tone yakilala, lakini oili inapungua na chini kunalowa? Swali zuri sana. Kuna sehemu oili inakaa kwa presha, na nyingine inarushwa tu. Swichi ya presha na filta vinaweza kuvuja injini ikiwaka na kutulia ikizimwa. Nati ya sampu yenye washa iliyochoka inaendelea kudondosha usiku kucha, maana oili yote imelala juu yake. Kwa hiyo muulize mwenye gari anaona tone wakati gani. Muulize pia kama limetoka kumwagwa oili, kwa sababu wakati mwingine mpira wa filta ya zamani hubaki umeganda kwenye bloku, filta mpya inafungwa juu yake, na oili inatoka kwa nguvu.

Sasa kuna kitu kinachoua sili mpya: valvu ya PCV. Kazi yake ni kuruhusu gesi zilizo kwenye chumba cha krenki zinyonywe kwenda manifoldi ya kuingizia hewa. Ikiziba, presha inajaa ndani na kutafuta pa kutokea, na inatokea kwenye sili iliyo dhaifu. Ichomoe kwenye tapeti kava ikiwa bado na mpira wake wa kwenda manifoldi, injini iwe sailensa, yaani inaunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta, uweke kidole mdomoni mwake. Lazima usikie inanyonya. Ukifungua kifuniko cha oili na moshi unapuliza kwa nguvu ilhali PCV ni nzima, ringi za pistoni zimechoka, na mwenye gari aambiwe hivyo kabla hajanunua gasketi hata moja.

Baada ya hayo yote, kama juu kote ni kukavu, poda haijaguswa, PCV inanyonya, na oili bado inachuruzika kutoka ndani ya kengele ya giaboksi (ganda lake linaloungana na injini), ipanguse kwa karatasi nyeupe. Ikiwa nyekundu na gari ni la otomatiki, hiyo ni oili ya giaboksi, sili ya krenki haihusiki. Ikiwa ya kahawia au nyeusi na inafanana na ya kwenye dipstiki, sasa unayo haki ya kumwambia mteja giaboksi ishuke.