Ng'ombe wa Korengal: Mhadhara Kuhusu Filamu ya "Restrepo"

Mabibi na mabwana,

Filamu tuliyoitazama hivi punde ni kazi ya Sebastian Junger, mwandishi wa Marekani, na Tim Hetherington, mpiga picha wa Uingereza ambaye aliuawa mwaka 2011 akiwa kazini Misrata, nchini Libya. Inafuatilia platuni moja ya askari wa miavuli wa Marekani waliopelekwa mwaka 2007 katika Bonde la Korengal, jimbo la Kunar, mashariki mwa Afghanistan, wakakaa huko miezi 15. Kituo walichokichimba mlimani huku wakishambuliwa walikipa jina la Juan Restrepo, tabibu wa kikosi chao aliyeuawa mapema katika kipindi hicho.

Waongozaji walijiwekea sharti gumu: hakuna msimulizi, wala jenerali au mwanasiasa wa kutueleza vita hivyo vilipiganwa kwa ajili ya nini. Wanaosema ni askari wenyewe, ambao baada ya kutoka vitani walihojiwa nchini Italia, kamera ikiwa karibu kabisa na nyuso zao. Mmoja anaeleza kwamba amejaribu dawa kadhaa za usingizi bila mafanikio, na kwamba ni afadhali akeshe kuliko kulala na kuyaona tena yale aliyoyaona. Anayasema hayo akitabasamu, na tabasamu lile lilinisumbua kuliko milio yote ya risasi.

Hata hivyo, kwangu mimi sehemu nzito kuliko zote ni ile ya ng'ombe. Ng'ombe ananaswa katika seng'enge za kituo, askari wanamuua na kumla, kisha wazee wa kijiji wanapanda mlima kudai fidia ya fedha. Wanajibiwa, kupitia mkalimani, kwamba wakubwa wamekataa kutoa fedha taslimu, ila watapewa mchele, maharage na sukari vyenye uzito sawa na wa mnyama wao. Kwa mfugaji anayemtegemea ng'ombe mmoja, jibu hilo si fidia, na nyuso za wazee wale zinaonyesha hivyo hata kabla mkalimani hajamaliza kusema. (Jeshi lililokuja kuwavuta watu hawa upande wake lilishindwa na bei ya ng'ombe.)

Wako wanaoisifu filamu hii kwa kutochukua upande. Nakubali kwamba haihubiri, lakini kamera iliyokaa nyuma ya magunia ya udongo pamoja na askari huliona bonde kwa macho ya askari, na wazee wale hawakupewa kiti cha mahojiano kama walichopewa vijana wa platuni. Mwezi Aprili 2010 Wamarekani waliondoka Korengal, na waliobaki kuishi na matokeo ya miaka hiyo ndio ambao filamu haikuwauliza lolote. Ningependa maswali yenu yaanzie hapo.