Webina inayouza: kuanzia mada hadi malipo

BARAKA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunazungumzia webina, yaani semina ya mtandaoni, na matangazo mubashara. Tunamlenga mtu mwenye ujuzi wake, awe mhasibu, mshonaji au mwalimu wa lugha, anayetaka kufundisha mbele ya watu na kuuza huduma yake hapohapo. Mimi ni Baraka, niko na dada Zuhura. Dada, tuanze na mada au na vifaa?

ZUHURA: Mada, kaka. Mada ikiwa mbovu hakuna kamera ya kuiokoa. Kosa kubwa ni mada pana. Mtu anatangaza, "Jifunze uhasibu wa biashara ndogo." Msomaji hajui ataondoka na nini. Sasa chukua hii: "Funga hesabu za mwezi kwa jedwali moja la Excel." Mwenye shida hiyo anajiona humo.

BARAKA: Na asiye na shida hiyo hatajiandikisha.

ZUHURA: Asijiandikishe. Watu arobaini wenye tatizo moja wanakufaa kuliko mia nne waliokuja kuchungulia. Na tatizo hilo ulimalize mbele yao, mwanzo hadi mwisho. Kuna wanaoficha hatua ya mwisho wakidhani watu watalipia kuiona. Mtu aliyekupa saa yake nzima ukamnyima jibu haendi kulipa, anaondoka amekasirika.

BARAKA: Lakini hofu yao inaeleweka: nikitoa kila kitu bure, nitauza nini?

ZUHURA: Unauza kinachofuata tatizo hilo likishakwisha. Turudi kwa mhasibu wetu. Amewafundisha kufunga mwezi, mwezi umefungwa. Papo hapo linazaliwa swali jingine: mwaka mzima je? Kodi je? Hilo ni kozi. Na yupo atakayesema, "Nimeelewa, ila sina nafasi, nifanyie wewe." Hiyo ni huduma. Atakayechukua somo la bure akaenda zake alikuwa si mnunuzi tangu mwanzo, na huenda ndiye atakayemtumia mwenzake linki yako.

BARAKA: Haya, tutenganishe webina na mubashara, maana watu wanavichanganya.

ZUHURA: Webina ina usajili. Mtu anaacha jina na barua pepe, anajua saa, anakaa. Mubashara ya YouTube, Facebook, Instagram au TikTok ni ya wapitanjia: mmoja anaingia dakika ya 3, mwingine dakika ya 19. Kwa hiyo kwenye mubashara kila baada ya dakika tano au sita unarudia kwa sentensi moja tuko wapi na tunatengeneza nini. Ukifanya hivyo kwenye webina unawachosha waliofika mapema. Huduma ya bei kubwa, inayohitaji kuaminiwa, naipeleka kwenye webina. Bidhaa ambayo mtu anaiona na kuamua palepale, mubashara inatosha.

BARAKA: Na hizo barua pepe za usajili uzichukue kwa ridhaa. Kwenye fomu weka kisanduku cha mtu kukubali kutumiwa matangazo, na usikijaze wewe kabla yake. Kama unawauzia au kuwalenga watu walioko Umoja wa Ulaya, GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, inakugusa tangu 2018, hata ukiwa unarusha kutoka nje ya Ulaya.

ZUHURA: Na tangazo la usajili liandike saa kwa njia mbili. Ukiandika "saa 2 usiku" peke yake, kuna atakayesoma saa mbili ya saa za Kizungu, usiku wa manane. Weka 20:00 pembeni, na utaje ni saa za eneo gani.

BARAKA: Kisha vikumbusho. Waliojiandikisha mara nyingi hata nusu hawafiki, na wengi husahau tu. Tuma siku moja kabla, saa moja kabla, na robo saa kabla. Hicho cha robo saa kiwe kifupi kabisa: linki tu na sentensi moja.

ZUHURA: Sasa mpangilio wa saa yenyewe. Ninaopendekeza ni huu: dakika 5 za kufungua, 30 za kufundisha, 8 za kueleza unachouza, zinazobaki maswali. Kwenye zile 5 za mwanzo sema wazi kwamba baada ya somo utaeleza kozi yako. Mtu akijua hilo mapema, ofa haimshtui.

BARAKA: Mimi nilidhani ofa ikae mwisho, baada ya maswali.

ZUHURA: Hapana kaka, maswali yakianza watu wanaanza kutoka. Ukisubiri yaishe unauzia wachache waliobaki. Weka ofa kabla ya maswali, utaje bei kwa tarakimu, useme mtu anapata nini, kwa muda gani, analipaje, na nani haimfai. Hilo la mwisho watu wanaliruka, na ndilo linalojenga imani. "Kama biashara yako haijafikisha miezi mitatu, usinunue bado, tumia jedwali nililokupa leo." Ukisema hivyo, anayefaa anajua unamwambia yeye.

BARAKA: Na sauti isibadilike. Mtu anafundisha vizuri, akifika kwenye bei anaanza kukimbia maneno, anaomba radhi. Msikilizaji anahisi kuna kitu.

ZUHURA: Soma sehemu ya ofa kwa sauti mara kadhaa kabla ya siku yenyewe, zaidi hata ya somo. Somo unalijua, ofa huijui. Halafu ukifika kwenye maswali, jibu kikamilifu. Mtu akiuliza, "Nikiwa na matawi mawili jedwali linabadilikaje?", usimwambie hilo liko ndani ya kozi. Fungua jedwali, ongeza safu ya tawi, mwonyeshe. Wanaotazama kimya wanapima kama unajua kazi yako, na hapo ndipo wanapoamua.

BARAKA: Tugusie ucheleweshaji wa picha, kwa sababu unaua maswali. Mtu yuko YouTube, anauliza, "Mmeelewa?", anasubiri sekunde tano, kimya, anakata tamaa. Kumbe swali lenyewe bado halijawafikia. Kwenye mpangilio wa kawaida picha inachelewa sekunde kadhaa, na inaweza kupita ishirini. YouTube inakupa ngazi tatu: ucheleweshaji wa kawaida, mdogo, na mdogo kabisa. Huo wa mwisho unaleta mazungumzo karibu, ila mtazamaji mwenye intaneti dhaifu anakwama mara kwa mara, kwa sababu simu yake haina akiba ya video ya kutosha. Kwa somo lenye maswali mimi huchagua wa kati.

ZUHURA: Na kuna mbinu rahisi. Uliza swali, kisha endelea kueleza jambo dogo kwa nusu dakika, ndipo urudi kusoma majibu. Kwenye Zoom tatizo hili halipo, unasikiana na mtu karibu papo hapo.

BARAKA: Haya, intaneti. Watu wanapima kasi ya kushusha, wanaona namba kubwa, wanafurahi. Wewe unarusha, kwa hiyo inayokuhusu ni kasi ya kupandisha. Pima saa ileile utakayorushia, maana jioni mtandao unaelemewa. Kwa picha ya ukubwa wa 720p yenye fremu 30 kwa sekunde, weka bitireti, yaani kiasi cha data unachorusha, kati ya kilobiti 2,500 na 4,000 kwa sekunde. Ukichagua 3,500, hakikisha kasi ya kupandisha haishuki chini ya megabiti 7 kwa sekunde, yaani mara mbili. Kasi hupanda na kushuka, na ile nusu ya ziada ndiyo inayokubeba ikishuka.

ZUHURA: Watu wanang'ang'ania 1080p, picha kubwa zaidi.

BARAKA: Bila sababu. Mzungumzaji na slaidi, 720p inatosha, ili mradi maandishi ya slaidi ni makubwa. Anayetazama kwa simu hasomi herufi ndogo hata ukimpa picha kali kiasi gani. Na tumia kebo kati ya kompyuta na ruta. Ukilazimika kutumia Wi-Fi, kaa chumba kimoja na ruta na uchague masafa ya 5 GHz, kwa kuwa 2.4 GHz yanashindaniwa na vifaa vya majirani.

ZUHURA: Picha ikianza kukatika katikati ya somo?

BARAKA: Usiguse chochote kabla ya kujua ugonjwa. Kama unatumia OBS Studio, programu ya bure ya kurushia matangazo kwa kompyuta, tazama namba zilizoko chini ya dirisha. Fremu zinazopotea kwa sababu ya mtandao zinahesabiwa pale: zikipanda, shusha bitireti. Lakini ikiandika kwamba usimbaji (encoding), yaani kazi ya kubana picha kabla ya kuirusha, umezidiwa, shida ni kompyuta, mtandao hauna kosa. Hapo unashusha ukubwa wa picha, au unahamishia usimbaji kwenye kadi ya picha. Mtu anayeshusha bitireti kutibu kompyuta iliyoelemewa anaharibu picha bure, na bado inakatika. Ndiyo maana nasema fanya jaribio la faragha la dakika 20 siku iliyotangulia, uyarekebishe haya yote ukiwa peke yako.

ZUHURA: Mengine ya OBS?

BARAKA: Bitireti iwe thabiti, fremu kuu (keyframe) kila sekunde 2, sauti kilohezi 48 (48 kHz) kwenye OBS na kwenye mipangilio ya kompyuta pia. Zikitofautiana, sauti inaweza kuanza kuachana na midomo taratibu. Na rekodi nakala kwenye kompyuta yako kwa muundo wa faili wa MKV badala ya MP4. Umeme ukikatika, MP4 ya kawaida huharibika yote, MKV inakubakizia kila kilichorekodiwa mpaka pale. Baadaye OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4 bila kupunguza ubora.

ZUHURA: Niongeze la YouTube: ukiwasha mubashara kwa mara ya kwanza, kibali kinaweza kuchukua hadi saa 24. Na kurusha kupitia programu ya simu kunahitaji wafuatiliaji wasiopungua 50. Kuna watu wametangaza saa, wakafungua simu dakika kumi kabla, wakakuta hawawezi.

BARAKA: Kwa simu, zima simu zinazoingia na arifa. Simu ikipigwa inaweza kukata matangazo. Chomeka chaji, lakini ivue kava, maana kurusha na kuchaji pamoja kunaipasha moto, na ikipata joto inapunguza nguvu yake, picha inaanza kuruka.

ZUHURA: Sauti kaka, usiisahau. Mtu huvumilia picha hafifu, sauti inayomkwaruza masikio haivumilii hata dakika mbili.

BARAKA: Kabisa. Maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isiigonge. Ongea kwa sauti utakayotumia kweli, na kipimo cha sauti kwenye programu kiruke kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6. Kikigusa sifuri sauti inapasuka, na ikishapasuka hairekebishiki. Chumba chenye kuta tupu kinarudisha mwangwi, basi funga mapazia, tandika blanketi mezani. Na ukisikia sauti yako ikijirudia, karibu kila mara umeacha ukurasa wa matangazo wazi kwenye kifaa kingine chenye spika. Vaa visikilizi.

ZUHURA: Usifanye haya yote peke yako. Tafuta mtu mmoja wa kushika soga, yaani sehemu ya watazamaji kuandika (chat). Kazi yake: kukusanya maswali, kufukuza watukutu, na kubandika linki ya malipo juu ya soga dakika ileile unapotaja bei. Ikibandikwa mapema, watu wanaacha somo wanakwenda kusoma bei bila maelezo yako. Na linki hiyo ijaribuni kwa ununuzi wa kweli, kwa simu ya mtu mwingine, kwa mtandao tofauti na wenu. Mkiijaribu kwa kompyuta yako iliyokwisha kuingia kwenye akaunti, hamtaona fomu anayoiona mgeni.

BARAKA: Halafu baada ya kuzima kamera?

ZUHURA: Ndani ya saa 24 tuma rekodi, ukiwa umekata zile dakika za mwanzo za "mnanisikia?" Kisha fungua ripoti ya waliohudhuria. Kwenye Zoom inaonyesha kila mtu aliingia saa ngapi na akatoka saa ngapi. Itumie kugawa ujumbe. Aliyeondoka kabla ya ofa mwelekeze dakika ofa ilipoanzia. Aliyekaa hadi mwisho bila kununua mwandikie swali moja tu: ni kipi hakikueleweka? Ambaye hakufika kabisa mpe rekodi bila lawama.

BARAKA: Na tarehe ya mwisho ya bei?

ZUHURA: Ukisema Ijumaa 23:59, basi Jumamosi asubuhi bei imebadilika kwenye ukurasa, na anayekuandikia kuomba ya jana unamkatalia kwa upole. Ukimpa mmoja, umewadanganya waliokimbilia kulipa Alhamisi. Maswali ambayo hukuwahi kuyajibu yakusanye kwenye faili moja. Lililoulizwa na watu wengi zaidi ndilo mada ya webina inayofuata.